Kutoka Mateka hadi Wajoli: Mateso, Imani na Tumaini katika Jumuiya za Freretown na Rabai, 1874–1907

Mnamo Februari 1886 msafara uliokuwa umeondoka pwani miezi saba kabla ulirejea Rabai. Mbele yake ilipepea bendera ya samawati, alama ya msiba, na juu yake lilikuwa limeshonwa neno moja: Ikabodi. Aliyeuongoza msafara huo alikuwa William Henry Jones, shemasi Mwafrika wa Kanisa la Anglikana, ambaye alikuwa amefuatana na Askofu James Hannington katika safari ya kuelekea Buganda. Hannington alimwacha Jones pamoja na sehemu kubwa ya wapagazi Kwa Sundu, mahali panapojulikana leo kwa jina la Mumias, akatangulia na watu wapatao 50. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wengi wa watu hao waliuawa pia. Jones alingoja, akapata habari, kisha akawarudisha pwani waliosalia.

Neno lililokuwa kwenye bendera linatoka katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 4. Ni jina ambalo mama aliyekuwa akikata roho alimpa mtoto wake mchanga siku sanduku la agano lilipotekwa na adui, na maana yake ni kwamba utukufu umeondoka. Waandishi wa historia ya misheni wamezoea kuisimulia bendera hiyo kama maombolezo ya kifo cha askofu. Simulizi hiyo si ya uongo, ila inamsahau aliyeibeba. Jones alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaokolewa na meli ya Waingereza, na kulelewa katika kituo cha misheni cha Nasik nchini India. Kisa cha sanduku lililotekwa ni kisa cha kitu kitakatifu kilichochukuliwa mateka, na sura mbili mbele sanduku hilo hurudi. Jones, ambaye alikuwa amefundisha Maandiko kwa zaidi ya miaka 20, alikijua kisa chote.

Insha hii inachunguza namna imani ya Kikristo ilivyowapa tumaini na nguvu watu waliopitia utumwa na kukusanywa katika vituo vya Freretown na Rabai, karibu na Mombasa, kati ya mwaka 1874, misheni ilipoanza maandalizi ya kuwapokea watu waliookolewa baharini, na mwaka 1907, hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa katika pwani ya Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba tumaini hilo halikuwa faraja ya nafsi moja moja tu, wala halikuwa shukrani kwa waokoaji tu. Lilikuwa wajibu. Mtu aliyeokolewa alijiona mdeni wa yule aliyebaki kifungoni, na deni hilo lilidhihirika wazi zaidi pale ambapo kulilipa kulikuwa kinyume cha matakwa ya misheni yenyewe.

Lugha ya ukombozi

Ni vyema kuanza na maneno, kwa sababu Wakristo hao waliipokea imani kwa Kiswahili, na Kiswahili cha pwani kilikuwa na msamiati wa utumwa uliokomaa kabla ya Biblia kutafsiriwa. Agano Jipya kamili la Kiswahili, lililotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Askofu Edward Steere wa Unguja, lilitoka mwaka 1883, na Biblia nzima mwaka 1891. Watafsiri hawakuunda upya maneno ya imani, bali waliyatwaa sokoni, mahakamani na nyumbani.

Kitenzi kukomboa ni mfano mzuri. Kabla ya kuwa neno la kanisani, kukomboa kulihusu rahani na mateka. Wakati wa njaa, kama ile iliyowapiga Wamijikenda mwanzoni mwa miaka ya 1880, familia iliweza kumweka mtoto rahani kwa mwenye nafaka. Mvua ilipokubali, ndugu walirudi na malipo kumkomboa. Wasiporudi, rahani aligeuka mtumwa. Kwa hiyo mtu wa Rabai aliposikia Kristo akiitwa Mkombozi, neno hilo halikuwa sitiari ya mbali kwake. Lilimtaja ndugu anayerudi na malipo, na hasa lilijibu swali ambalo kila aliyeuzwa alilijua: je, yupo atakayenifuata?

Neno mtumwa nalo lina historia yake. Mtumwa na mtume yametoka katika kitenzi kimoja, kutuma, tofauti ikiwa kwamba mtume ametumwa kwa heshima na mtumwa ametumwa bila hiari. Katika nyaraka zake Paulo anajiita mtume na mtumwa kwa pamoja. Kwa msikilizaji aliyekua mjini, uhusiano huo unaweza kupita bila kutambuliwa. Kwa msikilizaji aliyewahi kufungwa shingo katika msafara kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa, kusikia cheo cha juu kabisa kanisani kikiunganishwa na hali yake ya chini kabisa lilikuwa jambo la kustusha.

Neno la tatu, ambalo watafiti hawajalipa uzito unaostahili, ni mjoli. Wajoli ni watumwa wa bwana mmoja. Katika jamii ya watumwa, ujoli ulikuwa aina ya udugu usio wa damu: watu waliokutanishwa na msiba mmoja wakagawana chungu, shamba na maziko. Tafsiri za Biblia zililitumia neno hilo kwa watumishi wenza wa Mungu, na pia katika mfano wa Injili ya Mathayo, sura ya 18, juu ya mtumwa aliyesamehewa deni kubwa akaenda kumkaba mjoli wake kwa deni dogo. Katika lugha nyingi za Ulaya mfano huo hufundisha msamaha. Katika Kiswahili cha karne ya 19 ulibeba fundisho jingine pia, kwamba anayefunguliwa hupimwa kwa anavyomtendea mjoli wake ambaye hajafunguliwa.

Waliofikishwa ufukweni

Rabai ilikuwa na historia ya mateso kabla ya watumwa walioachwa huru kufika. Johann Ludwig Krapf wa Chama cha Misheni cha Kanisa, CMS, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huohuo mkewe Rosina alifariki, akafuatwa siku chache baadaye na mtoto wao mchanga. Kaburi lao liko upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mwaka 1846 Krapf na Johannes Rebmann walianzisha kituo Rabai. Kwa miaka mingi hapakuwa na waumini wa kutajika. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Rebmann alibaki hadi mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu.

Hali ilibadilika kutokana na siasa za Bahari ya Hindi. Juni 1873, baada ya shinikizo la Waingereza lililoongozwa na Sir Bartle Frere, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Manowari za Uingereza ziliongeza doria, na kila jahazi lililokamatwa lilizua swali la wapi pa kuwapeleka waliokuwamo. CMS ilimtuma W. Salter Price, aliyekuwa na uzoefu wa Nasik. Alifika mwishoni mwa mwaka 1874, na ardhi ikanunuliwa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Makao hayo yaliitwa Freretown kwa heshima ya Frere.

Waliofika hapo hawakuwa kundi moja. Walikuwapo Waafrika wa Bombay, yaani wale waliolelewa Nasik wakarudishwa Afrika wakijua Kiingereza, useremala, uhunzi na Maandiko. Jones, Ishmael Semler na George David, walioletwa Rabai tangu mwaka 1864, ni wa kundi hilo. Walikuwapo mateka walioshushwa moja kwa moja kutoka majahazini: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wa kusini, wengi wao wakiwa watoto. Baadaye walikuja watoro kutoka mashamba ya pwani, ambao hawakuokolewa na mtu bali walijiokoa wenyewe. Makundi haya hayakupendana daima. Waafrika wa Bombay waliwaona mateka kuwa wajinga, nao mateka waliwaona wenzao kuwa Wazungu weusi.

Orlando Patterson (1982) ameueleza utumwa kuwa kifo cha kijamii: mtumwa hung'olewa katika ukoo, asiwe na mababu wa kuwataja wala watoto wa kuwaita wake. Ikiwa maelezo hayo yanafaa, basi uhuru wa kisheria pekee hausahihishi jambo. Mtoto aliyeshushwa Kisauni alikuwa huru tangu siku ileile, lakini hakuwa na shangazi wala mjomba, hakuwa na mtu wa kumposea wala wa kumzika. Jumuiya ya kanisa ilianzia kazi yake hapo. Ubatizo ulimpa jina na wazazi wa kiroho, na ndoa kanisani ilimpa mashahidi, jambo lisilo dogo kwa mwanamke ambaye hapo kabla angeweza kutenganishwa na mumewe siku bwana anapotaka fedha. Maziko nayo yalimhakikishia kwamba hatatupwa. Katika mazingira ya pwani, ambako maiti ya mtumwa asiye na mwenyewe haikuwa na heshima, kuzikwa kwa sala na kwa jina ulikuwa ushahidi wa wazi kabisa wa ufufuo wa kijamii, hata kabla ya mahubiri juu ya ufufuo mwingine.

Inafaa kusisitizwa kwamba Ukristo haukuwa njia pekee. Sheria ya Kiislamu inahimiza kumwacha mtumwa huru na kuihesabu thawabu, na watumwa wengi wa pwani walipata heshima na udugu ndani ya Uislamu. Yalikuwapo pia makazi ya watoro Waislamu bara ya Malindi, yaliyojitawala bila misheni yoyote. Freretown na Rabai zinachunguzwa hapa kwa sababu ya namna yao mahususi ya kulifasiri teso, wala si kwa sababu zilikuwa na ukiritimba wa tumaini.

Kengele na fimbo

Kengele ya Freretown ingali ipo, na eneo linaloizunguka huitwa Kengeleni hadi leo. Ilipigwa kuwaita watu kwenye sala, shule na kazi, na pia kuwaonya kunapokuwa na hatari ya kushambuliwa. Sauti moja iliita ibada na ulinzi, na mwenyeji wa Freretown alijifunza mapema kwamba mambo hayo mawili hayakuwa mbali.

Lakini kengele hiyohiyo ilipanga siku ya mtu kuanzia alfajiri hadi usiku kwa ratiba asiyoichagua. Robert Strayer (1978), katika utafiti wake kuhusu jumuiya za misheni, ameonyesha jinsi kituo kilivyokuwa serikali ndogo yenye sheria, kazi za lazima na adhabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko kuhusu viboko na vifungo chini ya msimamizi mlei wa kituo yalifika kwa maofisa wa Uingereza Zanzibar na kwa wakuu wa CMS jijini London, na mwishowe msimamizi huyo akaondoka. Watu waliotolewa kwenye minyororo ya jahazi walichapwa na waliowatoa. Historia yoyote ya tumaini ikilifumbia macho jambo hili itakuwa sawa na hotuba ya sherehe.

Ni hapa ambapo dhana ya saburi inahitaji kuangaliwa kwa makini. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 5, Paulo anaifunga dhiki na saburi, na saburi na tumaini, kama viungo vya mnyororo mmoja. Fundisho hilo lingeweza kutumiwa vibaya kwa urahisi, yaani kumwambia aliyechapwa avumilie. Bila shaka lilitumiwa hivyo mara nyingine. Hata hivyo, waliolalamika dhidi ya viboko walikuwa Wakristo wa kituo hichohicho, na hawakuona mgongano kati ya saburi na malalamiko. Kiswahili kinaruhusu tofauti hiyo. Kustahimili ni kuubeba mzigo. Kusubiri ni kuwa na kitu unachokitazamia. Asiyetazamia chochote hana sababu ya kulalamika, maana malalamiko yenyewe hudokeza imani kwamba mambo yangepaswa kuwa vingine.

Watoro

Jaribio kubwa lilikuja kwa njia ya watoro. Kwa mujibu wa makubaliano, misheni iliruhusiwa kuwapokea watu waliokabidhiwa na manowari, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali katika milki ya Sultani. Mtumwa aliyetoroka shamba la Takaungu au Mombasa alikuwa bado mali ya bwana wake. Wamishonari wa Ulaya, wakiogopa kufukuzwa pwani na kusukumwa na mabalozi wa nchi yao wenyewe, waliahidi mara kadhaa kutowahifadhi watoro. Mwaka 1880 hasira za wenye watumwa zilipanda kiasi cha Freretown kutishiwa kushambuliwa.

Watoro, hata hivyo, waliendelea kuja. Walifika usiku wakigonga milango ya vibanda, si ya nyumba ya mmishonari. Aliyefungua mlango alikuwa mtu aliyejua maana ya kufuatwa. Katika miaka ambayo Jones alikuwa na dhamana kubwa Rabai, watoro waliongezeka, wakapewa viwanja, wakalima, wakahudhuria mafundisho ya ubatizo na kuoa. Kufikia mwaka 1888, uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba sehemu kubwa ya wakazi wa Rabai walikuwa watoro, na maandishi ya Wazungu wa wakati huo yana mshangao mwingi. Mshangao huo ni ushahidi wa thamani. Unathibitisha kwamba jumuiya nzima ilitunza siri kwa miaka, watu kwa mamia, wakiwamo watoto. Siri ya namna hiyo haitunzwi kwa amri. Hutunzwa pale ambapo kila mmoja anajiona mjoli wa mwenzake.

Kisa cha Fuladoyo kinaonyesha gharama yake. Huko, ndani ya nchi ya Wagiriama, palikuwa pamezuka makazi ya Wakristo Waafrika na watoro, yasiyosimamiwa na Mzungu yeyote. Kiongozi wake alikuwa David Koi. Mwaka 1883 makazi hayo yalishambuliwa na watu wa pwani waliotaka kuwarejesha watumwa, na Koi akauawa. Kifo chake hakikupata vitabu wala madirisha ya vioo vya rangi kama alivyopata Hannington miaka miwili baadaye, ingawa kwa kigezo chochote cha kanisa la kale alikuwa shahidi wa imani. Tofauti ya kumbukumbu kati ya vifo hivyo viwili inasema mengi kuhusu walioandika, na machache kuhusu waliokufa.

Kwa upande wa fasiri, Fred Morton (1990) amekwenda mbali kuliko wengine katika kuonyesha kwamba watoro wenyewe ndio waliousukuma utumwa kuelekea mwisho wake, na kwamba Wakristo wa Rabai na Freretown waliitumia Biblia kujitengenezea utambulisho wa taifa. Frederick Cooper (1977, 1980), akitazama zaidi mashamba na nguvu kazi, anaona utoro kuwa sehemu ya mvutano mrefu kati ya bwana na mtumwa juu ya kazi na ardhi. Mitazamo hii haipingani sana kama inavyodhaniwa. Anachokieleza Cooper ni sababu za mtu kuondoka shambani. Swali ambalo halijibu, na pengine halikuwa lake, ni kwa nini mtu aliyekwisha kupata usalama auweke rehani kwa ajili ya mgeni anayegonga mlango saa nane za usiku. Hesabu ya faida haitoshi kulijibu, kwa kuwa kila mtoro aliyeongezeka aliiongezea Rabai hatari ya kushambuliwa na kufungwa. Hapa ndipo imani inapohitajika kama sababu ya kihistoria, na si kama pambo la simulizi.

Hakuna haja ya kuwatukuza wenyeji wa Rabai kupita kiasi. Baadhi ya watoro walifukuzwa. Wapo waliorudishwa kwa mabwana zao, na mikono iliyowakabidhi ilikuwa ya Wakristo. Price mwenyewe, mtu ambaye maisha yake yalitumika kwa ajili ya watumwa, aliwahi kujikuta akiwaambia watoro waondoke. Mateso hayakumfanya kila aliyeteswa kuwa mwema. Kinachodaiwa hapa ni kidogo zaidi: palikuwa na kundi la kutosha, kwa muda wa kutosha, lililoona kwamba wokovu wake haukuwa umekamilika wakati mjoli wake yuko nje ya mlango.

Hati za uhuru

Oktoba 1888 George Mackenzie aliwasili Mombasa kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Wenye watumwa walimletea madai yao mara moja, nao hawakuwa na nia ya kuipokea kampuni huku mali yao ikiwa imekaa katika vituo vya misheni. Mackenzie alichagua fidia. Mabwana walilipwa, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zilitolewa katika hafla iliyofanyika Rabai. Watu waliohusika katika vituo vya pwani, pamoja na vile vya Wamethodisti kama Ribe, walikadiriwa kuwa 1,400.

Tukio hilo linasifiwa kwa haki. Lakini kwa mtazamo wa waliokuwa mstarini kupokea karatasi, lilikuwa na utata. Watu hao walikuwa wamejikomboa kwa miguu yao, baadhi yao miaka mingi kabla. Walikuwa wamelima, wamezaa, wamezika. Sasa walielezwa kwamba wamenunuliwa, na kwamba ni siku hiyo tu ndipo wamekuwa huru. Aliyelipa alikuwa kampuni, si Mkombozi wa mahubiri. Waliipokea hati hata hivyo, na inaeleweka, kwani karatasi ilizuia mtu kukamatwa njiani. Aliyeishi kati ya sheria ya nchi na sheria ya imani alijifunza kuzitumia zote mbili bila kuzichanganya.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Freretown yenyewe ilianza kupungua umuhimu reli ilipouvuta mvuto wa misheni kuelekea bara. Shule ya thiolojia iliyoanzishwa hapo mwaka 1903 ilihamishiwa Limuru mwaka 1930. Watoto wa waliokombolewa wakawa walimu, makarani na makasisi katika nchi ambayo wengi wa wenyeji wake hawakujua kwamba walimu hao walikuwa wajukuu wa mateka.

Simulizi ya mwana

Chanzo muhimu kilichoandikwa kutoka ndani ya jumuiya hii ni kitabu cha James Juma Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934. Jina la mwandishi ni historia fupi kwa nafsi yake: jina la ubatizo, jina la pwani, na jina la bara ya kusini lililonusurika safari yote. Kitabu kinasimulia kutekwa kwa babaye, safari ya kwenda pwani, jahazi, meli ya Waingereza na maisha ya Freretown.

Wahakiki wa baada ya uhuru wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwasifu Waingereza mno na kuwachora Waarabu kwa rangi moja. Lawama hiyo ina msingi, na asiyeikubali hajakisoma kwa makini. Hata hivyo, kuna swali ambalo lawama hiyo haijaliuliza: kwa nini kitabu kiliandikwa? Katika jamii ya pwani, asili ya utumwa ilikuwa aibu ya kufichwa. Familia nyingi zilibuni nasaba, zikajipatia kabila, zikanyamaza. Mbotela aliandika kwa Kiswahili, lugha ya majirani wale wale ambao mbele yao aibu ilipaswa kufichwa, na akamtaja baba yake kuwa alikuwa mtumwa. Ujasiri huo haukutoka kwa Waingereza. Ulitoka katika mapokeo ya ushuhuda yaliyokuwa yamejengeka kanisani kwa miaka 60, ambamo mtu husimama akasema alivyokuwa kabla ya kusema alivyo. Katika mapokeo hayo kovu huonyeshwa. Kristo mfufuka mwenyewe, katika Injili ya Yohana, hutambuliwa na wanafunzi wake kwa alama za misumari.

Tofauti kubwa katika jamii ya Waswahili wa kale ilikuwa kati ya mtumwa na mwungwana. Ungwana ulimaanisha kuzaliwa huru, na kwa hiyo kuwa na adabu, usemi mzuri na haki ya kusikilizwa. Haukuweza kununuliwa na hati ya Mackenzie. Mwana wa James Mbotela, Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown mwaka 1940, alikuwa mtangazaji wa redio ya taifa la Kenya, na kwa miongo kadhaa kuanzia mwaka 1966 aliwauliza wasikilizaji kuhusu mienendo yao katika kipindi alichokiita Je, Huu ni Ungwana?